Sura ya Sita: Mwizi Aliyetengeneza Kitasa

Inspekta alikuwa ameshatukanwa kazini, ameshadanganywa mchana kweupe, na siku moja alimwagiwa maji ya vyombo na mama mkwe wa mshukiwa. Yote hayo aliyazoea. Ila hakuwahi kukutana na shahidi ambaye, kabla ya kujibu swali la kwanza, anataka kujua majibu yake yatahifadhiwa wapi.

"Kichwani mwangu," alisema Inspekta.

"Kichwa hicho kina ulinzi gani?"

"Kina kilemba, kama unavyoona."

Mwulizaji hakucheka. Au labda alicheka, nani angejua? Alikuwa amevaa sweta lenye kofia, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na barakoa imepanda mpaka chini ya macho. Wenzake walimwita Kofia. Walimfahamu kwa miaka, walikula naye mihogo ya kukaanga kila Jumamosi, lakini jina lake halisi hakuna aliyewahi kuambiwa. Na mihogo yenyewe aliila akiwa amegeukia ukuta.

Hii ilikuwa klabu ya wapenzi wa programu huria, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mlangoni kulikuwa na kufuli tatu. Dirisha, kwa upande wake, halikufungika, na ukutani neno la siri la mtandao wa klabu lilibandikwa kwa herufi kubwa ambazo hata muuza vocha wa ng'ambo ya barabara alizisoma bila taabu. Alipoingia, Inspekta alinyang'anywa simu kwa adabu, ikawekwa ndani ya kopo la biskuti na kufunikwa, ili isiwasikilize. Akapewa kiti cha plastiki chenye ufa. Ukiketi vibaya, ufa unakufinya, na Inspekta aliketi vibaya mara mbili.

Wengine waliokuwepo ni wawili. Katibu wa klabu, mwanaume wa makamo mwenye fulana yenye picha ya ndege, ambayo ndiyo nembo ya klabu. Na Fundi Simu, mwanamke mwenye bisibisi nyuma ya sikio kama wengine wanavyoweka kalamu.

"Sina muda mwingi," alisema Inspekta. "Bodi ya maktaba inakaa saa tisa. Wakikaa, Mkutubi anafukuzwa kazi. Nawaomba tusaidiane."

Mkasa wenyewe mji mzima ulikuwa unaujua. Siku mbili nyuma, watu waliamka wakakuta kumbukumbu zote za maktaba zimezagaa kwenye simu zao: nani ameazima kitabu gani, tangu lini, mara ngapi. Basi ikawa balaa. Mwenye bucha, ambaye pia ni mjumbe wa Bodi, alionekana ameazima kitabu cha kuishi kwa mboga za majani. Mshauri wa ndoa aliazima cha namna ya kudai talaka. Inspekta mwenyewe alionekana na riwaya za mapenzi zenye madaktari, mfululizo mzima, na tangu hapo Mkuu wa Kituo hakumsalimu tena bila kumuuliza daktari hajambo. Lakini aliyewavunja watu mbavu zaidi ni msomaji mmoja ambaye jina lake halikutambuliwa na mtu yeyote. Huyo alikuwa ameazima kitabu kimoja tu, *Jinsi ya Kuongea na Watu*. Anakirudisha, anakiazima tena. Anakirudisha, anakiazima. Mjini watu walikuwa wanaulizana, jamani, huyu ni nani, na bado hajajua?

Kompyuta ilionyesha kwamba mtu aliingia kwa jina la Mkutubi siku ya Jumapili, maktaba imefungwa, na Mkutubi yuko kwenye harusi ya mpwa wake akiimba mbele ya ukumbi mzima. Bodi ikasema: kama si wewe uliyeingia, basi umempa mtu neno lako la siri. Vyovyote vile, nenda nyumbani.

Asubuhi hiyo Inspekta alimkuta anafungasha vitu vyake. Kikombe, mtandio, picha ya wajukuu.

"Mama, programu ya maktaba iliandikwa na klabu ile ya juu ya magodoro. Kuna mwanachama wao yeyote anayesoma hapa? Nitajie tu, nianzie huko."

"Mwanangu, anachosoma mtu sisemi. Na anayesoma simtaji."

"Mama, kila kitu kimeshaanikwa. Mji mzima umesoma."

"Hawakusikia kwangu."

"Saa tisa kazi yako inaondoka."

"Basi itaondoka nikiwa nimenyamaza," alisema Mkutubi, akaendelea kukunja mtandio. Ndivyo Inspekta alivyofika kwenye kile kiti cha plastiki mikono mitupu, na hasira kidogo.

"Programu mliandika nyinyi?" alimuuliza Katibu.

"Tuliiandika, tukaitoa huria. Yaani mtu yeyote anaweza kuusoma msimbo wake, yale maandishi yanayoiendesha, kuunakili, kuurekebisha, na kuturudishia marekebisho hadharani. Si kama zile programu za makampuni, unauziwa sufuria iliyofunikwa na hujui ndani kumepikwa nini."

"Kwa hiyo na mwizi anausoma."

"Na watu wema wengi wanausoma pia, afande. Tundu likiwepo litaonekana."

"Na lilionekana?"

"Halikuwepo."

Kofia alikuwa anabofya kompyuta yake tangu mwanzo, taka taka taka. Hapo vidole vikasimama. Kisha vikaendelea. Inspekta alikuwa anamtazama Katibu, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kibodi.

"Hizo kumbukumbu ziliwafikiaje watu?"

Katibu alieleza kwa uso wa mtu aliyekanyaga kitu. Mtu asiyejulikana aliwatumia mzigo kwenye ukurasa wao wa hadharani, akadai ni marekebisho ya programu. Ndani ya mzigo ndimo zilimokuwa kumbukumbu. Katibu alipogundua, aliufuta wote, akaiandikia Bodi kwamba programu ni imara na kwamba neno la siri limetolewa na Mkutubi mwenyewe.

"Na marekebisho yenyewe yalikuwa yanarekebisha nini?"

"Takataka tu, afande. Geresha."

Vidole vya Kofia vikasimama tena. Safari hii vilichelewa kuendelea.

Inspekta akamgeukia Fundi Simu. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya washukiwa wake, na hakumficha. "Dada Fundi, wiki iliyopita ulikwenda maktaba kutengeneza kompyuta ya Mkutubi."

"Feni ilijaa vumbi. Ilikuwa inakoroma."

"Neno lake la siri ukaliona."

"Nilione wapi? Yule mama alinigeuza ukutani kama mtoto aliyekosa. Akafunika kibodi kwa mtandio, akaandika chini ya mtandio. Nikageuka, akaniambia bado. Nikarudi ukutani."

"Hukuchungulia hata kidogo?"

"Nilimuuliza kwa nini ananifanyia hivyo. Akasema siku moja nitaazima kitabu ambacho sitaki watu wajue, nami nitamshukuru." Fundi Simu akatoa bisibisi nyuma ya sikio, akairudisha. "Nikaja kuazima kile cha kuota ndevu. Nacho sasa kinajulikana. Kwa hiyo usiniambie mimi ndiye niliyetoa hizo kumbukumbu, afande. Mume wangu ananitazama kidevu mpaka leo."

Katibu alikohoa. Inspekta akamfuta Fundi Simu kwenye orodha, akabaki hana orodha.

"Hayo marekebisho ningependa kuyaona," alisema. "Hata kama ni takataka."

"Nimeyafuta," alisema Katibu.

"Umefuta ya kwako," alisema Fundi Simu, akivuta kompyuta yake. "Hii ni programu huria, Katibu. Kila mtu ana nakala. Si ndiyo unayotuhubiria kila Jumamosi?"

Fundi Simu akasoma, nyusi zikipanda.

"Haya, sikiliza, afande. Kulikuwa na tundu. Ukiandika jina la Mkutubi, ukaacha mahali pa neno la siri patupu, halafu ukabonyeza kitufe mara mbili upesi upesi, unaingia. Huhitaji neno la mtu yeyote. Marekebisho haya yanaliziba. Na yameandikwa vizuri."

"Ngoja. Kuna mtu aliingia, akachukua mali, halafu akamtengenezea mwenye nyumba kitasa?"

"Ndiyo."

"Mimi sijapata kuona mwizi wa hivyo."

"Kwetu wapo," alisema Fundi Simu. "Tena naona hakutaka kuzitangaza. Alizichukua ili ajaribu kama marekebisho yake yanafanya kazi. Ila sisi tukituma marekebisho tunatuma folda nzima, na ukisahau ulichoacha ndani, nacho kinasafiri. Alisahau kuzitoa, mji mzima ukavuliwa nguo. Hilo ni kosa la watu wa aina yetu, afande. Mwizi wa kawaida anajua alichobeba."

"Utakuja kuyasema hayo mbele ya Bodi?"

"Nitakuja. Nitasema tundu lilikuwepo. Wataniuliza kama ndilo lililotumika Jumapili, nami nitasema sijui. Anayejua ni aliyeingia."

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nane. Inspekta akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kuna anayemjua huyo asiyejulikana.

Loo, hapo alichokoza nyuki. Katibu alisema haki ya kutojulikana ni nguzo ya klabu na haiwezi kujadiliwa mbele ya polisi. Fundi Simu akasema kuna mama anafukuzwa kazi. Katibu akasema basi ipigwe kura. Fundi Simu akasema kura ya mwisho ilikuwa ya ndege wa nembo, atazame kulia au kushoto, na ilichukua miezi mitatu. Katibu akasema ndege anayetazama kushoto anaonekana kama anakimbia. Fundi Simu akasema ndege si wa kukimbia, ni wa kuruka. Kofia alizidi kuvuta kofia yake chini.

Wakiwa katikati ya ndege, kopo la biskuti likaanza kunguruma. Simu ya Inspekta ilikuwa inaita mle ndani, tena kwa nguvu. Kwa mujibu wa imani ya klabu hilo halikuwezekana, kwa hiyo wote watatu waliangalia pembeni. Inspekta akafunua kopo mwenyewe.

"Daktari hajambo?" aliuliza Mkuu wa Kituo.

"Hajambo, afande," alisema Inspekta, akasimama. "Kweli? Mtaalamu ameyaona? Anasema ni kazi ya kiwango hicho?"

"Mtaalamu gani?" aliuliza Mkuu wa Kituo.

"Nitamwambia mwenyewe. Asante sana, afande." Akakata. Mtaalamu pekee wa kompyuta aliyekuwepo kituoni ni yule konstebo wa kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa, na siku hiyo alikuwa likizo.

Inspekta akaketi, safari hii kwa uangalifu. "Mambo yamebadilika. Mtaalamu wetu anasema aliyeandika marekebisho hayo ni mtu wa akili nyingi. Anasema mistari ile ni safi, hajawahi kuona. Kwenye ripoti inabidi niandike jina la fundi. Sasa kwa kuwa hajulikani, nitaandika la kiongozi wa klabu. Katibu, jina lako kamili?"

Ukiwahi kuona mtu akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na asijue ni chupa, basi umemwona Katibu siku hiyo. Alinyoosha fulana, ndege akanyooka naye.

"Siwezi kusema niliandika kila mstari," alisema. "Lakini mwelekeo, ule ubunifu wenyewe, hayo mambo hayatoki hewani. Mimi ndiye ninayewalea vijana hawa."

"Si ulisema takataka?"

"Nilisema takataka kwa maana ya kulinda upelelezi."

"Vizuri. Hebu nieleze kidogo yanavyofanya kazi, nisiandike uongo."

"Ni rahisi. Yanakagua neno la siri mara mbili. Mara ya kwanza, halafu mara ya pili."

"Hayakagui mara mbili," alisema Kofia.

Wote wakamgeukia. Alikuwa amesimama. Hawakuwa wamewahi kumsikia akisema sentensi bila kuombwa, isipokuwa ile ya kuuliza majibu yatahifadhiwa wapi.

"Kukagua mara mbili ndiko kulikoleta tundu," alisema, na barakoa ikawa inapanda na kushuka. "Wewe ndiye uliyeweka ukaguzi wa pili, ukajisifu. Mimi niliuondoa. Niliuondoa wote, nikaandika upya, mistari tisa tu. Nilikaa na ile mistari kama mtu anayelea mgonjwa. Na hujawahi kuisoma. Ulifuta bila kusoma, sasa unasema ni yako?"

"Ni ya nani?" aliuliza Inspekta.

"Ni yangu."

Chini, mtu alikuwa anapigapiga godoro kuonyesha ubora wake. Kofia alisikiliza alichokisema kikimrudia, akaketi polepole. Fundi Simu akasema, kwa upole kabisa, "Nilijua tu. Ni wewe peke yako unayeweka maelezo kila baada ya mstari."

"Uliingia Jumapili?" aliuliza Inspekta.

"Niliingia. Niliwaambia kuhusu tundu mara nyingi. Waliniambia tumalize ya ndege kwanza. Nikasema niingie mwenyewe nihakikishe, nilizibe, yaishe. Folda ya kumbukumbu sikuiona ndani ya mzigo. Nilipoiona, watu walikuwa wameshasambaza."

"Neno la siri la Mkutubi?"

"Sikulihitaji. Silijui."

"Na tangu siku hiyo umekaa hapa unajua anafukuzwa kwa kosa lisilo lake. Kwa nini hukusema?"

Kofia alitazama kibodi. "Faragha," alisema.

"Ya nani?"

Inspekta hakumkemea wala hakumfunga pingu, alimwachia dakika zilizobaki. Kofia akazima kompyuta yake. Akaifungia ndani ya begi, akafunga begi kwa kufuli, akaweka ufunguo ndani ya soksi.

"Twende," alisema. "Ila nikifika huko sijui nianzeje."

"Utaanza na jina lako," alisema Inspekta.

Bodi ilikaa kwenye chumba cha kusomea watoto, magoti ya wajumbe yakiwa juu ya meza fupi. Mkutubi aliketi pembeni na mfuko wake wa vitu. Mwenye bucha alikuwa ndiye mkali kuliko wote, na tangu kumbukumbu zivuje alikuwa hajauza nyama kwa raha, maana kila mteja alimuuliza kama kabichi imefika. Fundi Simu alitoa ushahidi wake kuhusu tundu, bisibisi sikioni. Katibu alikuwa amebaki klabuni kuandika ufafanuzi.

"Na huyu ni nani?" aliuliza Mwenyekiti wa Bodi. "Jina tafadhali, kwa ajili ya kumbukumbu."

Kofia alimtazama Inspekta. Inspekta alitazama dari. Basi akarudisha kofia nyuma, kisha akavua barakoa, na chini yake kulikuwa na uso wa kawaida tu, wenye masharubu yaliyokatwa bila kioo. Akataja jina lake, yote matatu, pamoja na la babu. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilisikika.

"Niliingia kwa tundu," alisema. "Bila neno la siri la mtu. Kumbukumbu zimetoka kwa uzembe wangu mimi. Mama huyu hakunipa kitu na hakujua kitu. Nilijua anaonewa nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu kujulikana. Ndiyo hivyo. Nimemaliza."

Kisha mwenye bucha akainuka kwenye kiti chake cha mtoto.

"Subirini kwanza. Hilo jina nalikumbuka. Mji mzima tunalitafuta. Wewe si ndiye yule wa—"

"Msomaji huyo hajadiliwi hapa," alisema Mkutubi.

Hakuwa amesema neno tangu kikao kifunguliwe.

"Mama, huyu ndiye aliyetuanika sote."

"Nimesikia. Kwa alichofanya, Inspekta yuko hapo. Lakini anachosoma ni chake. Na wewe unachosoma ni chako, na siku ile ulipoazima nilikufungia kitabu kwenye gazeti bila kuambiwa."

Mwenye bucha akaketi. Mwenyekiti wa Bodi akatazama wajumbe, wajumbe wakatazama meza, na ile hoja ya kumfukuza Mkutubi ikaondolewa bila hata kupigiwa kura. Mkutubi hakulia wala hakushukuru. Alibeba mfuko wake hadi kaunta, akatoa kikombe akakiweka mahali pake, akaisimamisha picha ya wajukuu.

Kofia alimfuata pale kaunta, uso wazi. Akafungua kufuli ya begi, akatoa kitabu kilichochakaa pembe, akakisukuma mbele. Mkutubi aliona jalada, akakigeuza upesi kifudifudi, kabla mwenye bucha hajapita.

"Unarudisha au niongeze muda?"

Kofia alimtazama Inspekta aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari, akimsubiri.

"Niongezee, mama," alisema. "Naambiwa kituoni wanauliza maswali mengi."

Mkutubi akagonga muhuri, akamrudishia kitabu kikiwa kimefungwa kwenye gazeti.